Mwenyekiti wa kijiji ni mkulima kwanza, serikali baadaye

Ukiwa mjini ukitaja mwenyekiti wa kijiji wengi wanawaza mzee mwenye muhuri anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Ukienda kijijini kwenyewe utasikia ama anasifiwa kupita kiasi ama anasemwa vibaya kilabuni, lakini uliza tu huyu mtu mamlaka yake yanaishia wapi, analipwa na nani, nani anaweza kumtoa, majibu yanaanza kupishana hata kwa watu wazima waliozaliwa hapohapo. Na hii ndo ofisi ya serikali iliyo karibu kuliko zote na Mtanzania wa kijijini. Vijiji viko zaidi ya 12,000, vitongoji zaidi ya 60,000, na karibu kote huko anayeongoza ni mtu ambaye asubuhi yuko shambani au na mifugo yake, mchana ndo anakuwa serikali. Nataka nieleze maisha ya mtu wa namna hiyo yalivyo na kwa nini yamekaa hivyo, maana lawama nyingi anazobeba zinatokana na sisi kutojua kazi yake imepangwaje, na zile anazostahili kweli zinampita kwa sababu hiyohiyo.

Kwanza tutenganishe watu. Balozi wa nyumba kumi unayemsikia ni mtu wa chama, ngazi ya chini kabisa ya CCM, amebaki kutoka enzi za chama kimoja na watu bado wanampelekea shida zao kwa mazoea ila kwenye muundo wa serikali ya kijiji hayumo. Mwenyekiti wa kitongoji anachaguliwa na wakazi wa kitongoji chake na anaingia moja kwa moja kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na kijiji kizima. Diwani ni wa kata, anakaa kwenye baraza la madiwani wilayani. Halafu kuna mtendaji wa kijiji, na huyu ndo watu wanamchanganya sana na mwenyekiti kwa sababu wanakaa chumba kimoja na wakati mwingine meza moja, ila mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ana mshahara, ana likizo, anahamishwa, bosi wake ni mkurugenzi. Mwenyekiti hana mshahara, hahamishwi, na bosi wake ni nyinyi.

Hapo kwenye "nyinyi" ndo pana uzito wote. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, Na. 7 ya 1982, inasema chombo chenye mamlaka ya juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Huo mkutano ndo unachagua halmashauri ya kijiji na ndo wenye uwezo wa kumtoa mjumbe yeyote wa halmashauri hiyo au wote kwa pamoja. Halmashauri ya kijiji yenyewe ina watu 15 mpaka 25, robo yao angalau lazima wawe wanawake, na inajigawa kwenye kamati: fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Mwenyekiti anaongoza vikao vyote viwili, cha halmashauri na cha mkutano mkuu, mtendaji anakuwa katibu. Sasa ukiangalia vizuri utaona hakuna mahali mwenyekiti peke yake amepewa mamlaka ya kugawa kitu, kuuza kitu au kumtoza mtu faini kwa kichwa chake, kila uamuzi mzito unatakiwa upite kwenye kikao na uandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti anayekwambia "mimi nimekupa hilo eneo" amekupa maneno.

Kwa nini basi watu wanamuona kama mfalme mdogo? Historia inajibu. Wajerumani walipoingia walitumia maakida na majumbe, akida akiwa msimamizi wa majumbe wa eneo lake, jumbe akiwa mtu wa hapohapo kijijini, mkulima kama wenzake, ila yeye ndo anasimamia kodi na ndo anasimamia shamba la pamba ambalo watu walilazimishwa kulima kuanzia 1902 huko kusini na pwani, na Julai 1905 watu wa Matumbi walipong'oa pamba pale Nandete na Majimaji ikaanza, majumbe na maakida walikuwa kati ya wa kwanza kuonja hasira. Waingereza wakaja na machifu wao wa utawala wa kienyeji kuanzia 1926. Tukapata uhuru, mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwenye serikali. Halafu 1972 serikali za mitaa zenyewe zikavunjwa kwa ule mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudi kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi 1984, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi mkulima wa Tanzania hakuwa na halmashauri ya wilaya aliyoichagua, alikuwa na mkoa na chama.

Katikati ya miaka hiyo ndo kijiji cha leo kikazaliwa. Mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni amri, Operesheni Vijiji ikapita kwa nguvu, na ndani ya miaka michache mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 7,000. Sheria ya vijiji ya 1975 ikasema kijiji kiandikishwe kikiwa na kaya zisizopungua 250, na kwamba mwenyekiti na katibu wa tawi la chama ndo hao hao mwenyekiti na katibu wa kijiji. Ukiwa umekulia hapo, mwenyekiti ni chama, chama ni serikali, na serikali ndo iliyokuhamisha kwenye shamba la baba yako usiku, unadhani utamuuliza muhtasari uko wapi? Vyama vingi vilirudi 1992, uchaguzi wa kwanza wa vijiji na vitongoji chini ya vyama vingi ukafanyika 1994, tukaendelea kila miaka mitano mpaka huu wa Novemba 2024. Lakini mazoea ya kumuona mwenyekiti kama mkono wa juu hayakufutwa na sheria, na wenyeviti wengine wanayafurahia.

Kugombea kwenyewe sio kazi ngumu kwenye makaratasi. Uwe raia, uwe na miaka 21 na zaidi, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa kijiji, uwe na shughuli halali ya kukuingizia kipato, halafu uwe umedhaminiwa na chama. Hilo la mwisho ndo linawakwamisha wakulima wazuri wengi, mgombea binafsi hakuna, kwa hiyo mtu anayeaminika na kijiji kizima ila hana kadi ya chama chochote ndoto inaishia hapo, na vita vya kweli mara nyingi vinapiganwa kwenye kura za maoni ndani ya chama kabla kijiji hakijapiga kura. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamika wagombea wao wengi wameenguliwa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99, na 2024 ikachukua karibu asilimia 99 tena, wapinzani safari hiyo walishiriki na malalamiko ya kuenguliwa yakawa yaleyale. Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu kijiji ndo sehemu ambayo watu wanajuana tabia mpaka za babu, hapahitajiki mtu wa kukuchujia majina.

Na wanawake. Kwenye halmashauri ya kijiji wapo kwa sababu sheria imewawekea nafasi, ila kiti cha mwenyekiti wa kijiji baada ya uchaguzi wa 2019 walikuwa nacho kama asilimia 2 tu. Wanaolima zaidi vijijini ni wao, wanaobeba maji ni wao, na mkutano mkuu ukiitishwa saa nane mchana wao ndo wanakuwa jikoni au mtoni, halafu tunashangaa mbona hawasemi.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe. Baba yangu mdogo alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja wilaya ya Kilosa, alichaguliwa 2009 akakaa kipindi kimoja. Analima mahindi na ufuta, na mpunga kidogo bondeni mvua ikikubali. Ofisi ya kijiji ilikuwepo, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma na benchi nje, lakini msimu wa palizi ukimfuata ofisini humkuti, kwa hiyo muhuri alikuwa anatembea nao. Aliuweka kwenye rambo nyeusi pamoja na pedi ya wino na kaunta buku, rambo inatundikwa kwenye mti pembeni ya shamba juu ya kidumu cha maji. Mtu anakuja kutoka mbali na baiskeli, anasimama pembeni ya tuta: "Shikamoo mwenyekiti, nina shida ya barua." "Marahaba mwanangu, nisubiri nimalizie mstari huu." Anamaliza, ananawa mikono vizuri kabisa na maji ya kunywa kwa sababu barua ikichafuka benki wanaikataa, anakaa kwenye kivuli anaandika kwa mkono, anagonga, anaandika kwenye kaunta buku jina na shida na tarehe, anarudi kwenye jembe.

Ukipitia kile kitabu ndo unaelewa kazi ni nini. Kijana anafungua akaunti. Mama anafuatilia kitambulisho cha NIDA. Mwanafunzi anaomba mkopo wa chuo. Ndugu wa mtu amekamatwa na anayekwenda kumwekea dhamana anataka barua kuthibitisha ni mkazi. Mtu anahamia, mtu anahama na mbuzi zake anataka kibali asisumbuliwe njiani, mtu amefariki. Wilaya ikileta zoezi lolote, chanjo, sensa, kaya maskini za TASAF, daftari la wapiga kura, anayejulishwa kwanza ni mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji wake, maana wao ndo wanajua nyumba ipi ina nani. Kwa utaratibu nyaraka nyingi za ofisi ni kazi ya mtendaji kwa sababu yeye ndo katibu na ndo mwajiriwa, ila mtendaji akiwa ameitwa wilayani siku tatu, au anashikilia vijiji viwili kwa sababu mwenzake hajapangiwa mtu, barua haisubiri. Kwa hiyo mtu asiye na mshahara anafanya kazi ya mwenye mshahara, na palizi inamsubiri. Shamba la baba mdogo miaka ile lilikuwa na magugu kuliko la jirani yeyote, watu wakawa wanasema mwenyekiti mvivu, huku hao hao ndo waliokuwa wamemtoa shambani.

Posho ipo, inategemea mapato ya halmashauri ya wilaya, na wilaya nyingi za vijijini mapato yake ni ushuru wa mazao basi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na kila mtu aliyewahi kujificha porini kukimbia mgambo wa kodi anakumbuka nafuu ile. Mwenyekiti naye alipumua kwa sababu alikuwa anaongozana na mgambo kuwakamata jirani zake mwenyewe. Lakini ile kodi ilikuwa inaacha chochote mtaani. Serikali kuu ikasema italipa wilaya ruzuku ya kufidia vyanzo vilivyofutwa, na wilaya zirudishe asilimia 20 ya ruzuku hiyo vijijini, hoja ambayo wakaguzi wa hesabu wamekuwa wakiiandika mwaka baada ya mwaka kwamba vijiji havipelekewi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ukashushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, mimi kama mtoto wa mkulima nilifurahi sana, ila mfuko wa wilaya ulipungua na wa mwisho kwenye foleni ni kijiji. Kwa hiyo mwenyekiti anaishia kuitisha michango: kila kaya ilete mchanga, mawe, nguvu kazi au hela, boma la zahanati lifike usawa wa lenta ndo wilaya ije kupaua. Maboma mangapi umeyaona yamefika lenta miti ikaota ndani? Watu wanamlaumu mwenyekiti aliyekusanya michango, na yeye hana kauli yoyote juu ya lini mabati yatakuja.

Na hapa ndo linakuja suala la mapato na matumizi, ambalo ukitaka kujua kijiji kiko salama au hakiko salama uliza hilo tu. Mkutano mkuu unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu na hesabu zisomwe mbele ya watu, imeingia nini, imetoka nini, kwa risiti gani. Kuna vijiji hawajasomewa miaka. Sababu moja ni wizi, tuseme wazi, ila sababu nyingine ni kwamba mwenyekiti na mtendaji wanajua wakiitisha mkutano watu hawafiki, kisha wanaona bora wanyamaze kuliko kusoma kwa watu thelathini kwenye kijiji cha watu elfu tatu, halafu wakinyamaza miezi sita wanaogopa kusoma kwa sababu sasa wana maelezo mengi ya kutoa. Baba mdogo alikuwa anasoma mwenyewe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, mpaka hela ya chaki na betri ya spika, na siku moja aliulizwa na bibi mmoja mbona misumari imeandikwa kilo nane wakati fundi alisema sita. Ilibidi fundi aitwe. Kilo mbili zilikuwa kwa fundi. Hayo mambo yanaonekana madogo lakini bibi yule ndo sheria yenyewe ya 1982 inavyotembea.

Ardhi sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye hela, ndo penye damu.

Operesheni Vijiji iliwapa watu mashamba ambayo yalikuwa ya watu wengine. Miaka ya 80 wenye mashamba ya asili wakaanza kwenda mahakamani kudai na wengine wakashinda, serikali ikaona ikiachia hivi vijiji vitavurugika, ikapitisha Sheria Na. 22 ya 1992 iliyofuta haki za kimila kwenye ardhi iliyoguswa na operesheni, ikazuia mahakama kusikiliza kesi hizo na kufanya hukumu ambazo hazijatekelezwa zisitekelezwe. Baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakazi wa Kambi ya Simba huko Mbulumbulu mkoani Arusha, walikuwa wameshinda kesi yao tayari na sheria hii ikawa inawanyang'anya ushindi. Wakaenda Mahakama Kuu kuipinga kwamba inavunja katiba, wakashinda, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ikasema jambo ambalo kila mkulima angepaswa kulijua kwa moyo: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya katiba, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki, na fidia haiishii kwenye mimea na nyumba tu. Wakulima wawili wa kijijini wamebadilisha sheria ya ardhi ya nchi nzima. Watoto wetu hawafundishwi majina haya.

Wakati huohuo tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji ilikuwa imezunguka nchi 1991 na 1992 ikisikiliza wanavijiji, ikapendekeza mikutano mikuu ya vijiji iwe ndo mwenye ardhi hasa. Serikali haikufika huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imeacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini, ila ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na imefungwa kabisa isigawe kipande bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Neno mdhamini mwenyekiti anatakiwa alijue vizuri kuliko mtu yeyote, maana yake ile ardhi sio yake wala sio ya halmashauri, wanaishika tu.

Kwa hiyo mtu akija na gari anataka ekari arobaini za kulima ufuta, njia sahihi ni hii. Anaomba kwa maandishi, halmashauri ya kijiji inakaa, inapeleka kwenye mkutano mkuu, watu wanajadili na kukubali au kukataa, muhtasari unaandikwa na mahudhurio yanaambatanishwa. Kijiji kina kikomo, viongozi wa wizara wamekuwa wakikumbusha kila mara kwamba hakiwezi kugawa zaidi ya ekari 50. Mtu asiye raia hagawiwi ardhi ya kijiji. Na ikiwa Rais anataka kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, kwa ajili ya mradi, ikiwa chini ya hekta 250 mkutano mkuu ndo unaokubali au kukataa, ikizidi hapo inakwenda kwa waziri ambaye anatakiwa apate maoni ya mkutano mkuu. Sasa linganisha na inavyokuwa mara nyingi: mwenyekiti, mtendaji na watu wawili wa halmashauri wanakaa na mgeni kwenye hoteli ya mji mdogo, muhtasari unaandikwa wa mkutano ambao haujafanyika, mahudhurio yanajazwa na majina ya waliohudhuria mkutano wa chanjo mwezi uliopita. Miaka mitano baadaye mgeni anakuja na trekta na kijiji kinashangaa. Ukinunua shamba kijijini usiishie kuona muhuri, omba kuona muhtasari na uwaulize majirani wa pande zote kama huo mkutano walikuwepo. Na ile asilimia 10 ambayo wenyeviti wengi wanadai kwenye kila mauzo ya kiwanja wakiita ya serikali, wizara imeshaikataza, haina sheria nyuma yake, ukiitoa bila risiti ya halmashauri umempa mtu hela yako tu.

Huyo mwenyekiti anayekula sitamtetea. Ila mtazame mtu ambaye hana mshahara, mtoto wake yuko sekondari, mavuno yamekuwa mabaya, na mbele yake imewekwa bahasha kubwa kuliko mazao yake ya misimu mitatu, halafu anayemlinda asiichukue ni mkutano ambao watu hawahudhurii. Huo ni mpango mbovu wa kuendesha nchi hata kama wenyeviti wengi, na naamini ni wengi, wanaikataa.

Migogoro ya wakulima na wafugaji nayo inaanzia mezani kwake, au tuseme mlangoni kwake, maana inakuja usiku. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga, mwenye mpunga amewakamata watatu, vijana wa pande zote wameshika fimbo na mapanga. Mwenyekiti hana polisi, kituo kiko kilomita nyingi, ana mgambo wawili na mdomo wake. Kilosa wanakumbuka Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni ambapo zaidi ya watu 30 waliuawa, na toka siku hiyo kila mwenyekiti wa wilaya ile akigongewa mlango kwa habari ya ng'ombe anajua inaweza kufika wapi. Utaratibu ni kwamba bwana shamba ndo anafanya tathmini ya hasara, pande zinakubaliana fidia, inaandikwa. Baba mdogo alikuwa anasema kosa kubwa ni kukubali kushika hela ya fidia mkononi hata dakika moja, lipaneni wenyewe mbele ya mashahidi, maana ukiishika tu upande mmoja utasema umekula na upande wa pili utasema umehongwa, na siku inayofuata hakuna atakayekusikiliza ukimwambia aweke panga chini.

Mgogoro wa mipaka una njia yake tofauti. Kuna baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu kati yao wanawake, wanapendekezwa na halmashauri na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Kazi yao ni kusuluhisha, hawahukumu. Baraza la kata zamani lilikuwa linahukumu, toka marekebisho ya 2021 nalo limebaki kusuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 shauri linakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mwenyekiti anayekaa na kutoa "hukumu" ya shamba ofisini kwake na kutoza faini hana sheria hiyo popote, na anayeshindwa akienda mbele ile karatasi inatupwa.

Dawa inayofanya kazi nimeiona ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Inachukua muda, watu wanatembea mipaka kwa miguu na majirani wa vijiji vingine, wanakubaliana hapa malisho, hapa njia ya mifugo kwenda majini, hapa msitu, hapa mashamba, inaandikiwa sheria ndogo, mkutano mkuu unapitisha na wilaya inaidhinisha. Baada ya hapo wanakijiji wanaweza kupimiwa na kupewa hati za hakimiliki za kimila, Mbozi walikuwa wa kwanza kufanyiwa majaribio, baadaye Kilombero, Ulanga na Malinyi wakapata mradi mkubwa. Kule Babati wanavijiji wa Duru-Haitemba miaka ya 90 walikataa msitu wao uwe wa serikali, wakapewa wausimamie wenyewe na walinzi wao, na msitu ukapona, jambo lililosaidia kuzaa sheria ya misitu ya 2002. Kilwa vijiji vimeuza mpingo kutoka misitu yao na hela ikabaki kijijini ikajenga. Wote hao waliongozwa na halmashauri za vijiji zilizojaa wakulima wa darasa la saba.

Baba mdogo hakugombea tena 2014. Alikabidhi muhuri, rejesta ya wakazi, vitabu vya mihtasari na risiti mbele ya mtendaji na mwenyekiti mpya, wakasaini, kile kitabu cha barua akakikabidhi pia ingawa alikinunua kwa hela yake. Hakuna kiinua mgongo kwa kiti kile. Waliochaguliwa 2024 watakaa mpaka 2029, na wameingia kwenye utaratibu uleule, posho kama wilaya ikijaliwa, mtendaji akiwepo, mkutano watu wakija. Mimi ningependa kuona posho ya mwenyekiti wa kijiji na kitongoji imeandikwa kwenye sheria kwa kiwango kinachojulikana, ilipwe na serikali kuu moja kwa moja, na kigezo cha kuilipa kiwe kimoja tu, kwamba mkutano mkuu wa robo hiyo umekaa na mapato na matumizi yamesomwa.